Ini Lililoongezeka

Katika miaka ile ya utawala wa jeshi, ini la ng'ombe mjini Kampala lilikuwa la maofisa. Hakuna aliyeiandika kanuni hiyo, lakini machinjioni kila mtu aliijua: nyama kwa kambi, matumbo kwa raia, na maini yapelekwe kwa wakubwa wa kambi ya Makindye kabla hayajapoa. Kwa hiyo Dokta Phelister Aoko alipopata kibali cha kuchukua maini mawili kwa mpigo, kwa ajili ya utafiti, wenzake pale chuoni kilimani walimpongeza kama mtu aliyepewa gari. Mmoja alimuuliza kama utafiti wenyewe unahitaji vitunguu.

Phelister alikuwa Mkenya wa Kisumu, mwanakemia wa viumbe hai. Wakenya wengi aliofika nao walikuwa wamekwisha kurudi kwao, baadhi kwa basi na baadhi kwa miguu. Yeye alibaki kwa sababu moja aliyoweza kuieleza: kazi yake ilikuwa imefika nusu.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Ndani ya ini kuna kimeng'enya kinachoshika protini moja na kuifunga kwa nyingine, kwa fundo lisilofunguliwa na chumvi wala moto. Ndugu yake huishi katika damu, na ndiye anayekaza damu iliyoganda juu ya kidonda ili isitoke tena. Kwamba kimeng'enya hicho kimo katika ini la ng'ombe, Phelister alikwisha kuthibitisha. Alitia maji ya ini kwenye kijaribio cha kioo pamoja na kemikali zinazohitajika, akasubiri, akaongeza kloridi ya chuma. Pasipo kimeng'enya, maji hubaki ya manjano. Kilipokuwapo yaligeuka mekundu ya kahawia, kama chai ya rangi iliyokaa sana. Nusu iliyobaki ilikuwa kukitenga na maelfu ya protini nyingine, mpaka kibaki peke yake.

Aliyemsaidia alikuwa Odur, fundi wa maabara, Mlango, yaani mtu wa kabila la Walango, kutoka Lira. Kuwa Mlango katika Kampala ya wakati ule kulimaanisha kwamba jina lako lilikutangulia kwenye kila kizuizi cha barabarani, na halikukutangulia kwa heri, kwa kuwa rais aliyepinduliwa na jeshi alikuwa wa kabila hilo. Hata hivyo ni Odur aliyeteremka machinjioni kwa baiskeli, visanduku viwili vya barafu vikiwa vimefungwa nyuma, kwa kuwa ini lisilopozwa mara tu linapotolewa huanza kujimeng'enya lenyewe. Phelister alijitolea kwenda badala yake zaidi ya mara moja.

"Wewe ukienda, Dokta, watakufungia bandama," Odur alimjibu. "Utakuja kuisafisha mwaka mzima, halafu uandike kwamba kimeng'enya hakipo."

Ni Odur pia aliyepata chumvi. Protini huangushwa kutoka kwenye maji kwa salfeti ya amonia, na salfeti ya amonia ya maabara ilikuwa haiji tena kutoka ng'ambo. Odur alikumbuka kwamba wakulima huita kitu hichohicho mbolea ya chumvichumvi. Akanunua magunia ya mwisho katika duka moja la Kawempe, na kwa majuma kadhaa waliiyeyusha, wakaichuja kwa bafta, wakaichemsha na kuiacha igande upya, hadi ikawa nyeupe. Phelister aliipima, akaikuta safi vya kutosha. Hakumsifu Odur kwa maneno. Aliliandika jina lake katika nafasi ya pili ya waandishi kwenye rasimu ya makala, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia fundi yeyote.

Jumanne ile Odur alileta maini mawili, kilo kumi na moja kwa jumla. Waliyakata, wakayasaga kwa mashine ya kusagia nyama, wakayachanganya na maji baridi ya sukari mara mbili ya uzito wake. Uji ule mwekundu ukazungushwa kwenye mashine mpaka makapi yakatuama. Makapi yakawekwa ndoo ya kwanza. Kwenye maji yaliyobaki Odur alimimina chumvi kidogo kidogo, akikoroga kwa mkono wa kulia ndani ya chumba cha baridi, taratibu sana, maana ukikoroga kwa haraka unatengeneza povu, na protini iliyokwisha kuwa povu haifai kitu. Kilichoanguka kilichukuliwa. Kilichobaki kikawekwa ndoo nyingine, na nyingine.

Hapo palikuwa na sheria ya Phelister, naye aliisimamia kuliko zote: hakimwagwi kitu mpaka ijulikane kimeng'enya kiko wapi. Mtu hudhani amekishika kwenye mashapo, kumbe amekimwaga na maji. Ndiyo maana chumba cha baridi kilijaa ndoo, na ndoo zilinuka kama machinjio yaliyowekwa sukari.

Ijumaa asubuhi tone la mwisho lilipita katika bomba la kioo lililojazwa unga wa selulosi. Katika safu ndefu ya vijaribio, vichache tu viligeuka vyekundu. Walivikusanya vya rangi hiyo, wakavipunguza maji. Kilo kumi na moja za ini zikawa maji maangavu yasiyojaza kijiko cha chai, ndani ya kichupa chenye kizibo cha mpira.

"Ndicho hicho?" aliuliza Odur.

"Ndicho. Kiko karibu peke yake."

"Masikini. Amefanya safari ndefu kufika peke yake."

Vilibaki vipimo vya mwisho, vya Jumatatu, ambavyo vingeonyesha usafi wake. Phelister akazika kichupa katika barafu. Odur akafunga visanduku kwenye baiskeli avirudishe machinjioni, kwa kuwa havikuwa vyao.

Hakurudi.

Jioni alikuja mkewe, Santa, ambaye aliuza mbogamboga katika soko la Nakasero. Alikuwa bado amefunga kiunoni kitambaa chake cha kazi. Yeye na Phelister walielewana nusu kwa Kilango na Kijaluo, nusu kwa Kiswahili.

"Wamemshika kwenye kizuizi," alisema. "Mchinjaji ameona kwa macho yake. Walifungua visanduku, wakakuta vitupu. Damu ipo, ini hakuna."

"Bila shaka vilikuwa vitupu. Alikuwa anavirudisha."

"Ndivyo alivyowaambia. Wakasema ini ameuza, hiyo ni magendo. Wakatafuta pesa mfukoni mwake, hakuna. Wakasema, unaona, amekwisha kuzificha." Santa akaketi kwenye stuli ya maabara bila kuombwa. "Yuko mahabusu Makindye. Dokta, wewe unajua ini lilienda wapi. Nenda uwaambie."

Phelister hakulazimika kwenda. Jumamosi, kabla ya saa sita, Landrova ya jeshi ilisimama mbele ya veranda ya maabara. Akateremka Kapteni Dawudi, mtu mnene mwenye miwani ya jua, msimamizi wa nyama ya kambi, ambaye ndiye aliyetia sahihi kile kibali. Nyuma yake askari wawili walibeba mzani wa machinjioni.

Kapteni hakuwa amekuja kutisha. Alikuwa na hofu, na hofu yake ilikuwa ya kiofisi kabisa.

"Mama dokta, kibali ni yangu. Sahihi ni yangu. Wakubwa nauliza mimi: Dawudi, kilo kumi na moja ya ini naenda wapi? Mimi najibu nini? Ini ikipotea, mimi napotea. Lakini mbele yangu napotea yule Mlango yako. Sawa?"

"Ini halikupotea, Kapteni. Liko hapa."

"Nionyeshe."

Santa, aliyelala usiku ule palepale kwenye benchi la veranda, alisimama. Phelister aliingia ndani, akarudi na bakuli la barafu, akatoa kichupa. Aliamini, kama alivyoamini maisha yake yote, kwamba ukweli ukielezwa kwa mpangilio unatosha.

"Hiki ndicho tulichokitafuta. Kila hatua tunaondoa kisichohitajika. Kadiri kinavyokuwa safi ndivyo kinavyopungua."

Kapteni alikipokea, akakiinua kwenye mwanga. Akavua miwani. Akatazama tena.

"Kilo kumi na moja naingia hapa," alisema polepole. "Natoka dawa ya macho."

Askari mmoja akacheka. Kapteni hakucheka.

"Nasema mnasafisha. Hata jeshi letu nasafishwa, mama. Wengi ilitolewa. Lakini sisi najua kila mtu ilienda wapi." Alikigonga kichupa kwa kucha. "Hii nyingine ilienda wapi?"

Santa aligeuza uso, akautazama ukuta. Phelister aliona kwamba ukweli ulioelezwa kwa mpangilio ulikuwa umemsogeza Odur hatua moja karibu na kaburi. Akakumbuka sheria yake.

"Nyingine zote ziko katika chumba cha baridi," alisema. "Hatumwagi kitu."

"Toa yote. Napima."

Kapteni akakiweka kichupa juu ya boneti ya Landrova. "Hii haina uzito. Ikae pembeni. Mtu asiguse."

Boneti ilikuwa imepigwa jua tangu asubuhi, na injini chini yake ilikuwa ndiyo kwanza imezimwa. Phelister alijua kimeng'enya kile kinavumilia nini na hakivumilii nini, kwa kuwa yeye ndiye aliyepima. Kwenye barafu kingekaa juma zima. Juu ya bati la moto hakingemaliza muda wa mtu kunywa chai. Alitaka kusema: tafadhali, kirudishe kwenye barafu. Lakini mtu anayeombea kichupa ameonyesha kwamba kichupa kina thamani, na chenye thamani hupelekwa Makindye. Na angekuwa anaomba barafu kwa ajili ya matone, mbele ya mwanamke ambaye mumewe alikuwa kizuizini. Bakuli la barafu lilibaki mkononi mwake, likiyeyuka bila kazi.

Askari walianza kutoa ndoo na kuzipanga verandani, huku wakiziba pua.

"Afande, hii imekufa lini?" mmoja aliuliza.

"Pima, wacha siasa," alisema Kapteni.

Ndoo ya kwanza ilipowekwa kwenye mzani, Phelister alishindwa kujizuia. "Si hivyo. Unapima na ndoo yenyewe. Lazima upime kwanza ndoo tupu, halafu utoe."

Kapteni alimgeukia. "Nini?"

"Zote ni za aina moja. Hii hapa tupu. Ipime, na uzito wake uutoe katika kila moja. Vinginevyo hesabu itakuwa ya uongo."

Kapteni alimtazama mwanamke huyu anayepigania kupunguziwa uzito, wakati uzito ndio uliokuwa utetezi wake wote. Katika kazi yake ya nyama hakuwahi kukutana na mtu wa namna hiyo. Wachinjaji huacha kidole juu ya mzani. Wauzaji hulowesha nyama. Akawaambia askari, "Naona huyu? Mwizi haiwezi kutoa ndoo. Toa ndoo!"

Uzito wa ndoo ukatolewa. Makapi yakapimwa, na maji ya chumvi, na mashapo ambayo kimeng'enya hakikukutwa ndani yake, na maji yaliyopita kwenye bomba mwanzoni bila rangi. Kapteni alijumlisha mwenyewe, kwa kijiti, juu ya vumbi. Alipomaliza alifuta, akajumlisha tena. Halafu akamwita Phelister.

"Mama dokta. Wewe nasoma ngapi hapa?"

"Arobaini na tatu."

"Na ini naingia ngapi?"

"Kumi na moja."

Kapteni akachuchumaa mbele ya namba zake kama mtu aliyekuta mtoto wa ziada kitandani. "Ini imezaa?"

Jibu lilikuwa jepesi. Kilo ishirini na mbili zilikuwa maji ya sukari, na kumi zilikuwa mbolea. Phelister alilijua kama alivyojua jina lake, na tayari alikuwa amefungua mdomo. Santa hakumgusa wala hakumwambia neno. Alimtazama tu, jinsi wanavyotazama watu wa sokoni wakati mteja anapofungua pochi.

"Uzito ni kilo arobaini na tatu, Kapteni," Phelister alisema. "Bila ndoo."

Hilo lilikuwa kweli. Ni kwamba kwa mara ya kwanza alitoa tokeo bila kueleza njia.

Kapteni alisimama, akapangusa magoti. Uso wake ulikuwa umekunjuka. Tayari alikuwa akisikia namna atakavyowaambia wakubwa. "Magendo napunguza," alisema. "Hii imeongeza. Mtu namna gani naiba halafu naongeza? Hakuna kesi." Akaziangalia ndoo. "Naliwa?"

"Hapana. Hazitaua mtu, lakini hataomba tena."

"Sasa ni ya nini?"

Phelister alifikiri. "Zina naitrojeni nyingi."

"Basi ni mali ya serikali. Pakia."

Wakapakia. Wa mwisho kupakiwa ulikuwa mzani. Kapteni alipofungua mlango wa Landrova aliona kichupa bado kipo kwenye boneti. Akakichukua kwa vidole viwili, akamkabidhi Phelister kwa ukarimu wa mtu anayemrudishia mtoto ganda la pipi.

"Chukua takataka yako."

Kilikuwa cha moto.

Odur aliachiwa Jumapili, wakati watu wanatoka kanisani. Alipanda kilima kwa miguu, kwa kuwa baiskeli ilikuwa imebaki na wale walioikuta na hatia. Santa alikuwa upande wake wa kushoto. Upande wa kulia hakutaka mtu amguse. Mkono wake wa kulia ulikuwa umevimba, umefungwa kipande cha shati, na vidole viwili havikujikunja. Alisimama mlangoni mwa maabara, akaona chumba cha baridi kiko wazi na kitupu.

"Ndoo zimeenda wapi?"

"Zimekwenda badala yako," alisema Phelister.

"Basi wamepunjika." Alijaribu kucheka, mbavu zikamkataza. "Na kile kichupa? Uliendelea kukiweka kwenye barafu?"

Phelister alimweleza: boneti, jua, muda. Hakuongeza neno la kujitetea na Odur hakuomba. Alivuta stuli akaketi.

"Kipime," alisema.

"Unajua jibu."

"Hujapima, Dokta. Hicho ndicho unachotuambia kila siku."

Alikipima. Alitia vyote vinavyotakiwa, akasubiri muda unaotakiwa, akaongeza kloridi ya chuma. Maji yalibaki ya manjano. Alirudia kwa kijaribio cha pili. Manjano. Santa, ambaye hakuwa ameelezwa kitu, alivitazama vijaribio viwili, kisha nyuso mbili, akaelewa.

"Kimekufa?"

"Kimekufa," alisema Odur. Akainua mkono wake uliofungwa, akautazama. Chini ya kile kitambaa damu ilikuwa imekwisha kukauka na kukaza. Ndugu wa kimeng'enya alikuwa akifanya kazi yake pale, bila kusafishwa na bila kuombewa kibali. "Sisi wengine tuko wazima."

Kwa muda wa miezi miwili hakuna kilichotokea. Phelister aliandika barua ya kujiuzulu, hakuipeleka. Kisha siku moja Landrova ikapanda kilima tena. Odur alitoka kwa mlango wa nyuma, akasimama kwenye migomba akiwa tayari kukimbia. Askari aliyeteremka hakuwa na silaha. Alibeba kabichi, moja tu, kwa mikono miwili, kama mtu anayebeba kichwa cha ng'ombe.

"Kapteni nasalimia mama dokta. Nasema dawa yako ilimwagwa kwenye shamba yake, kambini. Mahindi naota kama msitu. Kabichi ndiyo hii. Wakubwa nakuja kuangalia. Nasema utafiti kama hii nchi nataka."

Phelister alipokea kabichi. Alijua hasa kilichoiotesha: chumvichumvi ya Kawempe, ambayo mkulima yeyote angeimwaga bila kuipitisha kwenye ini. "Mwambie asante."

"Na hii." Nyuma ya Landrova kulikuwa na visanduku vya barafu, na ndani yake maini manane, bado yanafuka. "Kila mwezi naleta. Kapteni nasema urudishe mara nne, kama kawaida."

Ndivyo maabara ile, katika mji ambao sabuni na sukari vilitafutwa kwa foleni, ilivyokuja kuwa na maini mengi kuliko hoteli yoyote. Odur alijifunza kukoroga kwa mkono wa kushoto. Mwanzoni alitengeneza povu, akatukana kwa Kilango. Baadaye povu likaisha. Sukari ilipokosekana, Kapteni aliileta. Magunia ya mbolea, ambayo hakuna raia aliyeyaona tena dukani, yaliletwa na lori la jeshi, na Phelister akayapokea kwa kutia sahihi kama kemikali.

Katika safari ya tatu ya maini, vijaribio viligeuka vyekundu kuliko wakati mwingine wowote. Vipimo vya usafi vikafanywa mara mbili, na jibu likawa moja: kilikuwa peke yake. Hakikujaza kijiko cha chai. Phelister alikishika ndani ya barafu kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, mpaka vidole vikafa ganzi.

"Kapteni tumweke kwenye shukrani?" Odur aliuliza.

"Tutaandika alichofanya. Alitupa maini."

"Na mimi nilichofanya?"

"Wewe ni mwandishi. Mwandishi hashukuriwi."

Odur akatikisa kichwa, akacheka, safari hii mbavu zikamruhusu. Kisha akatazama visanduku vya barafu vilivyokuwa vimeoshwa na kupangwa mlangoni, vifuniko wazi, visafi, vitupu. Cheko likakoma.

"Landrova haiji mpaka wiki ijayo," alisema. "Mchinjaji anavitaka leo. Nani atavirudisha?"

Phelister alivitazama na yeye. Halafu akaenda chumba cha baridi, akarudi akiburuta ndoo ya makapi, akaanza kuvijaza kwa kopo, kimoja baada ya kingine, mpaka ukingoni.

"Tutavirudisha wote wawili," alisema. "Shika huku."

Na tangu siku hiyo, hakuna kisanduku kilichoteremka kilima kile kikiwa kitupu.